Kidole Getini, Kompyuta Ofisini: Hewani Kinapita Nini?

"Mwanangu, hiki kidude kinapeleka kidole changu wapi?"

Mama aliyeniuliza hivyo alikuwa amesimama getini kwenye ghala la nafaka Tandale, Dar es Salaam, asubuhi na mapema, vumbi la mahindi limemganda hadi kwenye nyusi. Kazi yake ni kupepeta na kuchambua. Mimi nilikuwa nimepiga magoti mbele yake nikikaza skrubu za kisanduku cha plastiki, ukubwa wa kiganja, chenye kioo kidogo kinachotoa mwanga wa bluu. Tajiri wa ghala alitaka mahudhurio ya vibarua yachukuliwe kwa alama za vidole badala ya daftari. Kompyuta ya kuyapokea ilikuwa ofisini, mita kama 25 kutoka getini, ng'ambo ya uwanja ambako malori hugeuzia. Waya wa kupita pale chini usingemaliza wiki. Ndiyo maana tukaamua mawasiliano yapite hewani.

Nilimjibu juu juu: "Hapana mama, hakipeleki kidole, kinapeleka namba." Hakuridhika, na alikuwa na haki. Tangu tarehe 1 Mei 2019, usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulipoanza, wengi wetu tumebonyeza vidole chini ya miamvuli ya mawakala bila mtu kutueleza kinachotokea baada ya hapo. Sasa vidude hivyo vipo kwenye mageti, maofisini na kwenye milango ya nyumba za kupanga. Ukikaa kijiweni utasikia kwamba kidole kinadakwa angani, au kwamba anayekushikisha mashine anaweza kukomba salio lako la simu. Mengine ni uvumi mtupu. Mengine yana chembe ya ukweli iliyowekwa mahali pasipo pake, na hayo ndiyo ya kuchambuliwa kwa uangalifu.

Tuanze na maneno matatu.

Kihisi cha alama za vidole ni kama kamera yenye kazi moja tu, na nyuma yake kuna ubongo mdogo wa kufanya mahesabu. Kompyuta pachikwa ni kompyuta iliyofichwa ndani ya kifaa ili ifanye kazi maalumu, bila skrini kubwa wala kibodi. Unazo karibu nawe kila siku: mita ya LUKU ukutani, mashine ya EFD inayokutolea risiti dukani. Mafundi na wanafunzi wanaojitengenezea mitambo hutumia vibao kama Raspberry Pi au ESP32. Neno la tatu ni "bila waya", yaani kutuma taarifa kwa mawimbi ya redio. Hili huwachanganya watu kuliko yote, kwa sababu wengi wakisikia bila waya wanafikiria intaneti na bando. Wi-Fi inaweza kufanya kazi mwaka mzima bila senti ya bando, ikiwa vifaa viwili vinazungumza vyenyewe kwa vyenyewe ndani ya uwanja mmoja. Pale ghalani hakuna taarifa inayopelekwa kwenye intaneti.

Sasa kidole chenyewe. Chukua glasi ya maji, ishike mkononi, halafu chungulia kutoka juu kupitia maji, utazame vidole vyako vilivyobana glasi. Utaona mistari ya ngozi imejichora wazi kabisa, na katikati ya mistari panang'aa kama fedha. Pale ngozi inapogusa kioo, mwanga unapenya na kupotea kwenye ngozi. Pale palipo na bonde, kuna hewa, na mwanga unarudi kama umepiga kwenye kioo cha kujitazamia. Vihisi vya bei nafuu kama R307 na AS608 vinafanya hivyohivyo kwa taa na kamera ndogo. Aina nyingine, kama R503, haipigi picha kwa mwanga bali hupima chaji ya umeme, kwa kuwa tuta la ngozi liko karibu zaidi na kihisi kuliko bonde.

Picha inayopatikana kwa R307 ina pikseli, yaani vidoa vinavyounda picha, 256 kwa 288. Lakini kihisi hakilinganishi picha kwa picha, na hapo ndipo penye siri ya mambo yote yanayofuata.

Fikiria vichochoro vya Manzese. Ukitaka kumtambulisha mtu mtaa, huna haja ya kupiga picha kila bati na kila ukuta. Unaweza kuandika tu: hapa kichochoro kinaishia ukutani, hatua kumi mbele kuna njia panda, kisha njia nyingine inaishia kwenye kisima. Ukiwa na orodha ya njia panda na mwisho wa njia, pamoja na umbali kati yake na upande zinakoelekea, mtaa huo hautafanana na mwingine. Mistari ya kidole nayo ina sehemu inapokatika na sehemu inapogawanyika mara mbili. Mwingereza Francis Galton alizieleza alama hizo ndogo tangu karne ya 19, na hadi leo mashine nyingi zinazitegemea. Kihisi kinaziokota, kinaandika orodha yake, kisha picha inaachwa. Orodha hiyo ndiyo inayoitwa kiolezo.

Ukubwa wake ndio unaonyesha tofauti. Kwenye R307 kiolezo kina baiti 512 (baiti ni kipimo cha ukubwa wa taarifa). SMS moja hubeba baiti 140, kwa hiyo kiolezo chote hakijazi SMS nne. Picha yenyewe, kihisi kikiombwa kuitoa, ni baiti 36,864, yaani zaidi ya SMS 260. Na jibu la kwamba "kidole hiki ni cha mtu namba 37, na kimefanana kwa alama kadhaa" linaingia kwenye kifurushi cha baiti 16 tu.

Kwa hiyo swali la mama yule lina majibu matatu, na yote yanawezekana. Kinachopita hewani kinaweza kuwa picha ya kidole, kinaweza kuwa kiolezo, au kinaweza kuwa namba tu. Kisanduku kwa nje kitafanana vilevile, mwanga wa bluu uleule. Aliyekitengeneza ndiye aliyechagua, na mara nyingi hakuna anayemuuliza.

Nilivyokosea mwanzoni

Nilianza kwa njia inayoonekana rahisi. Kihisi cha R307 huzungumza kwa waya mbili, mmoja wa kutuma na mwingine wa kupokea, na unazipishanisha: wa kutuma wa huku unaingia kwenye wa kupokea wa kule. Nikawaza, basi niweke redio mahali pa hizo waya. Kuna kifaa kidogo cha Bluetooth, HC-05, kinachofanya hasa hiyo kazi. Kinachoingia upande mmoja kinatokea upande wa pili, kama bomba la maji.

Nilikifunga jioni. Raspberry Pi, ile kompyuta ya kule ofisini, ikawa inaandika jambo moja tu: kihisi hakipatikani. Taa inawaka, Bluetooth imeungana, lakini hakuna kinachoeleweka.

Kosa la kwanza lilikuwa kasi. Kihisi kwa kawaida huzungumza kwa kasi ya biti 57,600 kwa sekunde. HC-05 hutoka dukani ikiwa imepangwa kwa 9,600, mara sita chini. Ni kama abiria wa daladala anayefumbua macho mara moja kila baada ya vituo sita, halafu unamtaka akutajie vyote alivyopita. Kila upande unafanya kazi yake vizuri, lakini kinachofika ni takataka. Ukikutana na tatizo hili, usikimbilie kununua kihisi kipya. Panga kasi ziwe sawa kwanza. Vihisi vingi vinavyotupwa kwa kuitwa vibovu havina ubovu wowote.

Kosa la pili lilikuwa gumu zaidi kuliona. Kihisi hutuma maneno yake kwa vifurushi. Kila kifurushi huanza kwa alama maalumu, kinafuatiwa na anwani, urefu, ujumbe, na mwishoni jumla ya hesabu ya kuhakikisha hakuna kilichopotea njiani. Ni sawa na karani anayehesabu magunia lori likitoka na mwenzake anayehesabu likifika. Kwenye waya, kifurushi kinafika kizima. Hewani kinaweza kukatwakatwa na vipande vikafika kwa kupishana kwa muda mfupi. Programu yangu ilikuwa inasubiri kidogo, ikiona kimya inakata tamaa, na nusu ya pili ya jibu inafika wakati hakuna tena anayesikiliza. Ukitumia Bluetooth ya matumizi madogo ya umeme bila kuirekebisha, ujumbe mmoja hubeba baiti 20 tu, kwa hiyo hata kiolezo kimoja kinasafiri kwa vipande 26. Picha ingehitaji vipande zaidi ya 1,800. Hata kwenye waya wa kasi ya 57,600, picha hiyo huchukua zaidi ya sekunde 6. Weka watu 60 kwenye foleni saa 12 asubuhi uone.

Lakini sababu kubwa ya kuachana na njia hiyo ilikuwa nyingine. Bomba la wazi linapitisha kila amri. Anayefanikiwa kuingia kwenye hiyo Bluetooth anaweza kukiagiza kihisi kitoe violezo vyote kilivyohifadhi, au kivifute. HC-05 hutoka kiwandani na namba ya siri 1234. Kihisi nacho kina nywila yake, na ile ya kiwandani ni sifuri tupu. Mafundi wengi hawazibadilishi. Hapo mama alikuwa na haki kamili ya kuuliza.

Uamuzi ukae karibu na kidole

Nilichofanya baadaye ni kuweka ESP32, kibao kidogo chenye Wi-Fi na Bluetooth ndani yake, papo hapo getini pamoja na kihisi, ndani ya kisanduku kimoja, wameunganishwa kwa waya fupi zisizofika sentimita 10. ESP32 ndiyo inayokiamrisha kihisi: piga picha, tengeneza orodha, tafuta kwenye kumbukumbu yako. R307 huweza kuhifadhi violezo hadi 1,000, na utafutaji unafanyika ndani yake. Likipatikana jibu, ESP32 inatuma ofisini namba ya mtu na saa aliyofika, basi. Picha haitoki getini, na kiolezo hakitoki pia.

Kwa mtazamo wangu hii ndiyo njia ya kuanzia kwa geti, mlango wa ofisi au mahudhurio ya shule. Watu hudhani kwamba ulinzi ni kufunga mawimbi yasisikike. Mawimbi yatasikika tu. Mtu aliyekaa nje ya ukuta na kompyuta ya mkononi anaweza kuyapokea. Cha msingi ni kwamba akiyapokea asipate kitu cha maana.

Kwa hiyo ujumbe wenyewe unatakiwa kufumbwa kwa hesabu, kiasi kwamba asiye na ufunguo anaona herufi zisizo na maana. Wi-Fi yenye nywila nzuri inafanya sehemu ya kazi hiyo. Bado kuna ujanja mmoja mbaya: mwizi haelewi ujumbe, ila anaurekodi ulivyo na kuurudisha kesho yake usiku, mlango ukafunguka. Dawa yake unaifahamu tayari kutoka benki, ile namba inayokuja kwenye simu na kutumika mara moja. Kompyuta ya ofisini inatoa namba mpya kila mara, na getini jibu linafungwa pamoja na namba hiyo kwa muhuri wa hesabu unaohitaji siri wanayoijua wao wawili tu. Jibu la jana halifanyi kazi leo. Ile jumla ya hesabu kwenye kifurushi cha kihisi haiwezi kufanya kazi hii, kwa sababu inagundua makosa ya njia tu, na tapeli anaweza kuikokotoa yeye mwenyewe.

Kuna fundi atakayekwambia kwamba hata kiolezo kikiibiwa hakuna neno, maana hakiwezi kurudishwa kuwa kidole. Msimwamini. Watafiti wameshaonyesha kwamba kutoka kwenye orodha ya njia panda na miisho inawezekana kuchora mistari inayoweza kuihadaa mashine. Na mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Yokohama, Japani, walitengeneza vidole bandia vya jelatini, malighafi inayopatikana jikoni, vikakubaliwa na vihisi vingi vya wakati huo. Nywila ikivuja unabadilisha. Kidole unacho hichohicho mpaka mwisho.

Hapo turudi kwa wakala wa laini, kwa sababu watu huchanganya mambo mawili. Getini ghalani, kidole kinalinganishwa na orodha ya watu 60 iliyomo ndani ya kisanduku. Kwa wakala, alama yako inasafirishwa kupitia mtandao ili ilinganishwe na kumbukumbu za Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa (NIDA), maana mashine ile mkononi mwake haina taarifa za taifa zima. Kuwepo kwa safari hiyo hakumaanishi kuna mtu anakudaka angani. Hatari iliyowaumiza watu ilikuwa mkononi: wakala asiye mwaminifu anakwambia "haijasoma, bonyeza tena", na kumbe anasajili laini nyingine kwa jina lako. Ndiyo sababu piga *106# uone ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Redio haina kosa hapo.

Mambo ya Dar yenyewe

Vitabu vya kielektroniki havisemi sana kuhusu jua la Dar. Kihisi cha mwanga kikielekezwa mashariki, kuanzia saa 2 asubuhi jua linaingia kwenye kioo na kamera inapofuka. Nilikitengenezea kibaraza kidogo cha plastiki. Jasho na unyevu hujaza mabonde ya kidole, picha ikawa doa jeusi. Saruji, sabuni na miaka ya kubeba magunia husugua matuta mpaka yanakwisha. Mama yule nilimsajili mara nne. Alifuta kidole kwenye kanga, akapuliza, akabonyeza, kimekataa. Kidole cha shahada kikashindikana, kisha mkono wote wa kulia. Kidole cha kati cha kushoto, ambacho hakitumii sana kubana ungo, kikakubali mara ya kwanza. Tangu hapo kila mtu tunamsajili vidole viwili, na wale ambao hakuna kidole kinachosoma wana kadi ya kugusisha. Mashine isipomsoma mtu, hilo ni tatizo la mashine, na siku yake ya kazi haiwezi kupotea kwa sababu hiyo.

Mawimbi nayo yana adui zake. Wi-Fi ya 2.4 GHz hugonga mabati na kurudi, na unyevu huyameza, kwa hiyo rundo la magunia ya nafaka mbichi likipangwa katikati, mawasiliano yanadhoofika. Usifunge kibao ndani ya boksi la chuma ukidhani unakilinda, umekifungia sauti. Chaja ya simu dhaifu yenye waya mrefu mwembamba ni tatizo jingine. Mtu anapobonyeza kidole, taa ya kihisi na redio huvuta umeme kwa pamoja, volti zinashuka, kibao kinazima na kuwaka upya muda huohuo. Kwa anayetazama ni kama mashine imemkataa mtu.

Kilichoniuma zaidi ni saa. Mwanzoni tulitegemea saa ya Raspberry Pi ya ofisini, na Raspberry Pi nyingi hazina saa yenye betri. Bila intaneti, umeme ukikatika saa 5 usiku na kurudi saa 11 alfajiri, inaamka ikiamini bado ni saa 5 usiku. Siku ya tatu tulikuta vibarua wote wameandikwa wameingia kazini usiku wa manane. Tajiri aliona ni hitilafu ndogo. Kwa anayelipwa kwa siku, si ndogo. Tukaongeza saa ndogo ya DS3231 yenye betri ya kidonge pale getini, na ESP32 sasa inatunza rekodi zake yenyewe hadi ofisi irudi hewani.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaweka taarifa za kibayometria kwenye kundi la taarifa nyeti, na anayekusanya taarifa za watu anatakiwa kusajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mwenye ghala ana wajibu wa kuwaambia vibarua anachukua nini na kwa ajili gani. Nilimwomba mwenye ghala tuandike hayo kwenye karatasi kwa Kiswahili na kuibandika juu ya kisanduku. Tuliandika pia kwamba anayeacha kazi, kiolezo chake kinafutwa siku hiyohiyo mbele yake.

Wiki iliyofuata mama alipita, akabonyeza kidole chake cha kati, taa ikamkubali. Nikafungua kompyuta ya mkononi nikamwonyesha mstari uliokuwa umetoka getini muda ule.

"Hicho ndicho kilichoenda ofisini, mama. Namba 37, na saa uliyoingia."

Aliinama akautazama mstari, kisha akatazama saa ya simu yake.

"Haya. Hiyo saa ndiyo uiangalie sana."